Amiba anayerudi baada ya dozi

SWALI: Tangu Januari nimemeza dozi ya amiba mara tatu. Nikimaliza vidonge napata nafuu, kisha baada ya wiki chache tumbo linasokota tena. Maji ya kunywa tunatia klorini. Kosa liko wapi?
Msomaji, Limuru

JIBU: Ndugu msomaji, huenda dozi zote zilikuwa za metronidazoli peke yake. Dawa hiyo huua amiba aliye macho, yule anayetafuna ukuta wa utumbo. Lakini wengine wakiwa utumbo mpana hujiviringa, hujivika ganda na kulala. Hiyo ndiyo sisti, na metronidazoli haiimalizi. Kwa hiyo hufuata dawa ya pili ya kusafisha ndani ya utumbo, kama diloksanidi: mtu mzima kwa kawaida hupewa miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Aiandike daktari, ila wewe iulizie kwa jina, maana husahaulika mno.

Kabla ya dozi ya nne, hakikisha ni amiba kweli. Pima choo cha siku tatu tofauti, kwani sisti hazitoki kila siku. Choo cha majimaji kifike maabara ndani ya nusu saa. Amiba aliye macho hufa upesi nje ya mwili. Sisti hupatikana zaidi kwenye choo kilichoshikana. Ukidondoshea ayodini, darubini huonyesha kiduara chenye viini visivyozidi vinne. Vikiwa vinane, huyo ni Entamoeba coli, hana madhara wala hahitaji dawa. Hata vinne si hukumu: Entamoeba dispar, naye asiyedhuru, hufanana kabisa na yule mbaya. Ukiona damu kwenye choo, au homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Klorini ya nyumbani huua bakteria wa kipindupindu, lakini sisti huistahimili. Chemsha maji. Kwingine dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha. Nyinyi mlio juu ya mita 2,000 ngojeni dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya nyuzi 100. Kitambaa cha kuchujia hakisaidii: sisti ina upana wa maikromita 10 hadi 20, inapenya.

Dania na saladi kuziosha hupunguza tu. Kwa sasa kula mboga zilizopikwa. Kata kucha, nawa kwa sabuni. Jeli ya alkoholi haitegemeki kwa sisti. Na anayepika nyumbani apimwe pia hata kama haumwi, kwani wengi wabebao sisti hawana dalili yoyote.