Shangazi, nitazame onyesho gani la mwisho kabla sijahamia Songea?

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mtumishi, naishi Sinza. Nimepata uhamisho wa kwenda Songea, na mume wangu ametangulia na watoto ili wawahi shule. Kwa miaka saba mimi na shoga yangu tumekuwa na kawaida ya kwenda kutazama maonyesho ya jukwaani, kila tunapopata nafasi na nauli. Sasa nimebakiwa na Jumamosi mbili, na moja ni ya kufunga mizigo. Jumamosi ya pili kuna mambo matatu: usiku wa vichekesho katika ukumbi mkubwa, wenye wachekeshaji wanaotamba mjini, ambao shoga yangu ameshasema atanilipia tiketi, igizo jipya la Kiingereza pale Little Theatre, Oysterbay, na wanafunzi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ambao wanaonyesha Kinjeketile, tamthiliya ya vita vya Maji Maji niliyoisoma shuleni na kuitazama mara moja. Moyo wangu unakwenda Mlimani, lakini naona nitapoteza nafasi ya mwisho kwa kitu ninachokijua tayari, na shoga yangu ataumia. Nikikosea kuchagua nitajuta. Nishauri. Msafiri, Sinza."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye maneno "kitu ninachokijua tayari", kwa sababu hapo ndipo ulipojifunga mwenyewe na hapo ndipo ninapotaka kukufungua. Nenda Mlimani. Sababu zangu nitakueleza kwa kirefu, maana mtu anayehama hatosheki kuambiwa aende wapi. Anataka aende akiwa na moyo uliotulia.

Onyesho jipya humfanyisha mtazamaji kazi nyingi. Tangu taa za ukumbini zinapozimwa unakuwa mbioni kutambua nani ni mume wa nani, nani anamdanganya nani, yule aliyetoka kwa hasira atarudi au ndiyo basi, na mpaka umekwisha kuyapanga yote hayo kichwani, waigizaji wanainama kuaga. Kazi hiyo ni tamu, wala siibezi. Lakini kwa mtu anayetazama kwa mara ya mwisho katika mji alioishi miaka yote hiyo, ni kazi inayomla. Macho yanakuwa kwenye kisa, na mambo uliyokwenda kuyaaga, yaani mikono ya mwigizaji, harufu ya ukumbi, kicheko cha mtu wa safu ya nyuma na bega la shoga yako lililogusana na lako, yanapita bila kuonekana.

Haya yalinipata. Mwaka 1996 nilipohamishiwa Tabora kwenda kufundisha, nami nilitaka onyesho la mwisho lililo kubwa. Wakati ule vikundi vya sanaa vilikuwa vinajaza kumbi za mji huu kila mwisho wa wiki, na tiketi moja ilikupa ngoma, sarakasi, mazingaombwe, kichekesho, igizo na taarabu, vyote katika kikao kimoja mpaka usiku mwingi. Nilichagua kikundi kilichokuwa kikizungumzwa kuliko vyote, nikalipa kiingilio cha viti vya mbele, nikafika nikakuta kiti changu kimeuzwa mara mbili na aliyeketi hataki hata kunitazama. Nilisimama kando ya nguzo saa nne nzima. Leo ukiniuliza waliigiza nini siku ile, sikumbuki. Ninachokikumbuka ni ile nguzo na miguu yangu ilivyokuwa inawaka.

Wiki tatu kabla ya hapo, bila mpango wowote wa kuaga, nilikuwa nimepita katika ukumbi mdogo wa jumuiya kutazama igizo ambalo nilikuwa nimekwisha kuliona mara mbili. Kulikuwa na dada aliyeigiza mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Mara mbili za kwanza nilikuwa ninasikiliza maneno yake, kwa sababu alikuwa anakuja na habari ya msiba. Mara ya tatu, habari ya msiba ninayo tayari, ndipo nilipoitazama shingo yake. Shingo ilikuwa imekaza, kidevu kimeinuka kidogo, na hatua zake zilikuwa fupi, za mtu anayeogopa maji yasimwagikie mgongoni. Alipoitua, alipiga goti moja kwanza, akashusha ndoo kwa mikono miwili, kisha akapangusa paji la uso kwa ncha ya kanga kana kwamba matone yamemrukia. Mwanangu, ile ndoo ilikuwa tupu. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuona ndani yake. Nimekwenda nayo Tabora, nimerudi nayo, na mpaka leo nikiona mtu anaigiza huwa naangalia kwanza kama anajua uzito wa kitu alichobeba.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Nyingine ni kwamba tamthiliya hii, kati ya zote, imekuja kwa mtu anayekwenda Songea.

Unajua kwamba Ebrahim Hussein, aliyeiandika, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu hicho hicho, na baadaye mwalimu wake, na kwamba Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Mlimani kuanza kufundisha sanaa za maonyesho. Kwa hiyo utakapokaa pale, utakuwa umeketi nyumbani kwa tamthiliya hiyo, mahali ambapo kina Penina Muhando na Amandina Lihamba nao walisoma, wakafundisha na wakaandika za kwao kwa Kiswahili, kwa watu wa mji huu na wa nchi hii. Vijana watakaovaa maleba siku hiyo ni kama wajukuu wa kazi hiyo. Watakosea hapa na pale, sauti ya mmoja itapotea anapogeuka kuipa hadhira mgongo, na mwingine atasahau mstari akasaidiwa na mwenzake. Wasamehe. Mwigizaji anayejifunza ana kitu ambacho aliyebobea huwa amekwisha kukiacha njiani: hofu ya kweli usoni, na Kinjeketile ni mchezo wa watu walio katika hofu ya kweli.

Uliisoma ukiwa msichana wa shule, na bila shaka ulifundishwa dhamira na wahusika ili ujibu mtihani. Safari hii itazame kama mwanamke mwenye nyumba. Angalia mwanzoni, wake wawili wanapozungumza habari za chakula kilichopungua, wakati waume wanafanyishwa kazi katika shamba la pamba la Mjerumani. Pale ndipo vita inapoanza, kwenye chungu kisicho na kitu, kabla ya mtu yeyote kutaja maji, ile dawa ya kuzuia risasi. Angalia uso wa Kinjeketile anapogundua kwamba neno alilotoka nalo kwa mzimu Hongo lina mkia asioutaka, kwamba watu watatoka kwa Mjerumani ili wawe chini ya ukoo wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Na mwisho kabisa, anapotakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, akakataa kwa sababu anawafikiria watakaozaliwa kesho, usiangalie yeye peke yake. Geuza shingo kidogo uangalie watu waliokaa karibu nawe. Huwezi kufanya hivyo katika mchezo ambao hujui unavyokwisha.

Kisha utapanda basi Mbezi, utapita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, na utashuka katika mji unaoitwa kwa jina la mtu aliyekufa katika vita hiyo hiyo. Maji Maji ilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, ikafika mpaka Ungoni, na mwezi Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwa waliouawa katika adhabu hizo. Makumbusho ya Maji Maji yako hapo mjini, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Wewe ulikuwa unahesabu kwamba unaondoka kwenye mji wa maonyesho kwenda mahali pasipo na kitu. Mimi naona unatoka ukumbini unakwenda kwenye uwanja wenyewe, na ningependa uingie huko ukiwa na sauti za wale vijana bado masikioni.

Kuhusu Little Theatre, sina neno baya nayo. Dar es Salaam Players ni waigizaji wa kujitolea waliokuwapo tangu 1947, wameudumisha ukumbi huo kwa mapenzi yao, na ukumbi wenyewe ni mdogo kiasi kwamba hakuna kiti kibaya. Kama ungekuwa na Jumamosi tatu ningekwambia uende. Lakini umesema mwenyewe kwamba igizo ni jipya kwako, na sababu yangu ya kwanza inalihusu. Vivyo hivyo kwa atakayekushauri ukimbilie Bagamoyo: penye TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ni mahali pazuri mno, ila utakaa ukumbini ukiwaza usafiri wa kurudi usiku huku mizigo haijafungwa.

Sasa shoga yako, ambaye nahisi ndiye anayekuzuia usingizi kuliko maonyesho yenyewe.

Usimwambie kwamba vichekesho ni kitu cha chini, kwa sababu si kweli, na kwa sababu atasikia kwamba zawadi yake ni ya chini. Kumsimamisha mtu peke yake mbele ya watu mia kadhaa, bila maleba wala mwenzake wa kumshika mkono, akawachekesha, ni sanaa ngumu. Tatizo la usiku ule ni jingine. Katika ukumbi mkubwa wa vichekesho kila mtu anacheka upande wa jukwaa. Ninyi wawili mtatoka mmechoka kwa kucheka na hamjatazamana. Nadhani yeye amechagua vichekesho kwa sababu anaogopa kulia, na amejitolea kulipa kwa sababu hajui njia nyingine ya kusema kwamba ataachwa peke yake na tabia mliyoijenga wawili. Fikiria upande wake: wewe utafika Songea umpate mumeo na watoto, na yeye atabaki Sinza akiona tangazo la onyesho na hana wa kumpigia simu.

Kwa hiyo mwendee mapema, wala usimwandikie ujumbe. Kaa naye, umwambie hivi: "Shoga, siku yangu ya mwisho nataka tukae mahali ambapo nitakuona. Twende Mlimani, tiketi nitakata mimi, na chakula cha baada ya hapo uchague wewe." Kama ameshanunua tiketi za vichekesho, mrudishie fedha ya tiketi yako bila ubishi, au umwombe aende na mdogo wake au jirani. Akikataa katakata, usigombane naye. Nenda Mlimani, na Jumapili mchana muite nyumbani mle wali pamoja juu ya maboksi. Ila sidhani kwamba atakataa. Mtu aliyekufuata kwenye maonyesho miaka saba, mengine hayakuwa mazuri, hakuwa anafuata maonyesho tu.

Yapo mambo madogo ya kuangalia. Maonyesho ya wanafunzi hufuata ratiba ya masomo na huweza kusogezwa siku, kwa hiyo piga simu au pita Chuo Kikuu katikati ya wiki uulize siku, saa na kiingilio, usije ukafika getini ukakuta giza. Kutoka Sinza si mbali. Panda gari la Mwenge kisha la chuoni, na kwa kurudi panga bajaji mapema na dereva mnayemfahamu. Fika kabla jua halijazama. Pita nyuma ya ukumbi kama mnaruhusiwa, maana huko ndiko wapigaji huwasha karatasi na kuzipasha ngoma moto ili ngozi ikaze, mmoja akigonga kwa kidole na kutega sikio, akiirudisha motoni, akigonga tena. Mimi sijaona mwanzo mzuri wa onyesho kuliko huo, na hauandikwi kwenye tangazo.

Kaeni safu ya pili, pembeni kidogo. Simu zimeni, na usirekodi. Najua utatamani uwe na kitu cha kuwaonyesha watoto, lakini ukishainua simu utakuwa umejiwekea ukuta mbele ya jambo ulilolifuata. Piga picha moja tu na shoga yako nje, mkitoka. Kitabu chenyewe kitafute ukiweke kwenye begi la mkononi, kisiende na mizigo ya lori, kwa sababu utakihitaji njiani. Na onyesho likiisha msikimbilie usafiri. Subirini wale vijana watoke wakiwa bado na majivu usoni, uwaambie kwamba ulikuja kuaga na kwamba unahamia Songea. Watafurahi sana, na nakuhakikishia mmoja wao atataka kukuuliza jambo.

Ukishatulia huko, niandikie tena. Nataka unieleze wale watoto wa Mlimani walilionyeshaje lile jambo la maji: kama walileta maji ya kweli jukwaani, au walileta ndoo tupu na wewe ukayaona.

Wako,
Shangazi