Nesi wa nyumbani au hospisi? Maswali yenu kuhusu kuuguza

Maswali ya kuuguza yamekuwa mengi, najibu matano leo. Mengine yanafanana sana kwa hiyo usipoona lako soma tu, huenda jibu limo humu humu.

Mama alipata stroku, anatembea kwa kushika ukuta lakini anasisitiza yuko fiti na hataki msaidizi. Nitajuaje?

Usimuulize, mwangalie. Kaa naye siku mbili tatu uone kama anaoga mwenyewe, anavaa, anafika chooni kwa wakati, haja haimtoki, anainuka kitandani kwenda kwenye kiti, anakula bila kulishwa. Hayo sita ndo wauguzi wanaangalia. Halafu hesabu vidonge vyake kimya kimya, mtu anakwambia nimemeza kumbe pakti iko vile vile. Akishindwa mawili matatu, au kaanguka zaidi ya mara moja, tafuta nesi wa kuja nyumbani na mtu wa mazoezi ya viungo, na usichelewe maana miezi ya kwanza baada ya stroku ndo mwili unarudi kwa kasi. Huyu wala si wa hospisi, yaani huduma ya mtu anayekaribia mwisho wa maisha, huyu tunataka asimame.

Daktari ametaja hospisi, ndugu wamekuja juu wanasema tunamkatia baba tamaa. Kansa imeshafika kwenye ini.

Pole sana kaka. Hili neno linatisha watu wengi kuliko hata ugonjwa wenyewe.

Aliyeanzisha hospisi ya kisasa ni Cicely Saunders, alikuwa nesi, akawa ofisa ustawi wa jamii, mwisho akasomea udaktari kabisa kwa sababu aliona wanaokaribia kufa wanaachwa na maumivu yao. Mwaka 1967 akafungua St Christopher's kule London. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi ya hospisi ni kumshughulikia mtu ambaye wengine wameshasema hakuna cha kufanya, yaani kinyume kabisa cha wanachosema ndugu zako.

Sasa tofautisha. Tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na mahangaiko, inaanza wakati wowote hata akiwa bado kwenye kemo, zile dawa za kuua kansa. Kuna utafiti wa Marekani wa 2010 kwa wagonjwa wa kansa ya mapafu iliyosambaa, waliopewa tiba shufaa mapema waliishi kama miezi miwili na nusu zaidi ya wenzao, na hawakuteseka kama wao. Hospisi ni pale tiba ya kuponya haisaidii tena au mgonjwa mwenyewe amesema basi, mara nyingi wanakadiria amebakiza miezi 6 au pungufu.

Dalili za kuangalia: kilo zinapungua tu, analala zaidi ya nusu ya mchana, analazwa, anatoka, wiki mbili hazijaisha karudi tena wodini, na kila akirudi nyumbani anakuwa chini kidogo ya alivyokuwa. Muulize daktari hivi: "Akifariki ndani ya mwaka huu, wewe utashangaa?" Akinyamaza, umepata jibu. Na kabla ya kikao cha ukoo muulizeni mzee mwenyewe anataka nini, mara nyingi ndo mtu wa mwisho kuulizwa.

Mofini, ile dawa kali ya maumivu, si ndo inawamaliza wagonjwa?

Hapana. Ikianzwa kidogo na kupandishwa taratibu na anayejua, inatuliza maumivu na hata kule kuhema kwa shida. Watu wanaiogopa kwa sababu wameiona inaletwa siku za mwisho, mtu alishakuwa anakwenda. Kero yake kubwa ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo, msisubiri.

Bibi hali chakula, tumlazimishe?

Msimlazimishe. Mwili unaofunga kazi hautaki chakula, na ukimsukumia uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Mpe kijiko akitaka, akigeuza uso acha. Lowesha midomo yake kwa pamba yenye maji, mpake mafuta ya midomo. Ila kama alikuwa anakula vizuri na ameacha ghafla, kwanza aangaliwe kinywa, anaweza kuwa na utando au vidonda, hiyo inatibika.

Namuuguza mume wangu peke yangu, namgeuza kitandani kila saa mbili, silali. Nikiomba msaada si nitaonekana nimemchoka?

Dada, umechoka ndiyo, mgongo wako umechoka na macho yamechoka, mapenzi hayahusiani. Kugeuza kila saa mbili usiku na mchana hospitalini wanafanya kwa zamu. Piga simu wiki hii, omba mtu wa usiku hata mara mbili tu kwa wiki, na akija usikae kumwelekeza, nenda kalale chumba kingine ufunge mlango.