Kuacha Usukani Ukikaribia Miaka Hamsini

SWALI: Nina umri wa miaka 49 na nimeendesha trela kwa miaka 22, kwanza kati ya Mombasa na Kampala, na sasa kutoka Malaba hadi Juba. Siku hizi nikishuka kwenye kebini mguu wa kushoto huwa umekufa ganzi, na daktari anasema tatizo ni uti wa mgongo. Nina ekari moja ya urithi juu ya Budadiri, wilayani Sironko, na nataka kuacha kazi mwaka huu nipande kahawa. Mwajiri wangu amekuwa akinikatia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, tangu mwaka 2009. Mke wangu, mwenye kiduka hapa Malaba, anaona nimechanganyikiwa, kwa kuwa kitinda mimba wetu bado yuko sekondari. Je, nimechelewa? Na nikiacha, nitapewa fedha zangu zote?
Dereva, Malaba

JIBU: Ndugu Dereva, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye jibu la hakika. Ukiacha kazi leo hutapewa fedha zote leo. Mafao ya uzeeni hulipwa mwanachama akifikisha miaka 55. Aliyetimiza miaka 50 anaweza kuyadai mapema ikiwa amekaa mwaka mzima bila ajira, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yameongeza mlango mwingine: mwenye miaka 45 au zaidi, aliyechangia kwa miaka 10 au zaidi, anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Mlango huo kwako uko wazi tayari. Kabla ya kuuingia, omba taarifa ya akaunti yako uisome mwezi kwa mwezi, uhakikishe kwamba kwa mshahara wa shilingi 1,000,000, kwa mfano, ziliingia 150,000, yaani 50,000 zilizokatwa kwako na 100,000 za mwajiri. Ukikuta miezi iliyorukwa, ni rahisi zaidi kuidai ukiwa bado unaingia katika ofisi ya mwajiri kuliko ukiwa umekwisha kurudisha funguo.

Sasa niliulize lile ambalo barua yako imelipita kwa kasi. Unaacha usukani kwa sababu ya mgongo, lakini umehesabu mgongo wa mkulima? Ekari moja ya arabika, ikipandwa kwa nafasi ya futi 8 kwa futi 8, hubeba miche 680 hivi. Kila mche unataka shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili kila upande, lichimbwe mapema, na udongo wake wa juu uchanganywe na samadi kabla ya kurudishwa. Shamba lako liko mlimani, kwa hiyo kuna pia mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na baada ya maporomoko ya ardhi ya Bududa ya mwaka 2010 sidhani kama yuko mtu wa Elgon anayehitaji kuelezwa kwa nini. Kisha kuna palizi, kupogoa, kunyunyizia dawa ya kutu ya majani na ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, kuchuma tunda moja moja lililoiva, na gunia la kuteremsha hadi barabarani. Mguu unaokufa ganzi baada ya safari ya Juba hautapona kwa kushika jembe. Ukweli ni kwamba kazi kubwa ya shamba hilo utawalipa vijana waifanye, na malipo hayo lazima yaingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Hesabu yenyewe ina kipindi kirefu cha ukame katikati. Arabika huanza kutoa mavuno ya maana katika mwaka wa tatu hivi, na kabla ya hapo shamba linakula tu. Migomba utakayopanda kati ya miche kwa ajili ya kivuli itakupa ndizi baada ya mwaka mmoja na kitu, maharage yatatoka ndani ya miezi mitatu, lakini hayo ni chakula cha nyumbani. Karo ya shule haiwezi kutoka hapo. Kumbuka pia kwamba dereva wa masafa haishi kwa mshahara peke yake, kwani posho ya safari, ambayo pengine ndiyo inayonunua sukari na unga hapo nyumbani, itakoma siku ile ile utakayoshuka. Wala usipange maisha kwa bei ya kahawa unayoisikia leo. Waliolima mwaka 1989, mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika, waliona bei ikiporomoka huku miti ikiwa imejaa matunda.

Mimi mwenyewe niliacha chaki nikiwa na miaka 46. Fedha nilikuwa nimezihesabu hadi senti ya mwisho; kilichonipiga ni asubuhi. Kwa miezi miwili niliendelea kuamka saa kumi na moja, nikapiga pasi blauzi, nikaketi ukumbini bila pa kwenda. Hilo nakutajia tu, kwa kuwa mtu aliyezoea barabara hushikwa na ugonjwa huo vibaya zaidi.

Kwa umri, hujachelewa hata kidogo. Ukipanda kwa mvua za Machi zijazo utakuwa na miaka 52 au 53 mavuno ya kwanza yakiingia, na kufikia 55, wakati mafao yako yote yanafunguka, miti itakuwa imekomaa. Kwa hiyo ningekushauri upande sasa, lakini uache kazi baadaye, tena kwa hatua. Anza na miche 150 au 200 kutoka kwenye kitalu ambacho afisa kilimo wa wilaya anakifahamu, tumia sehemu tu ya ile asilimia 20, na iliyobaki isiguswe. Wakati huo huo mpelekee mwajiri barua ya daktari, uombe kuondolewa njia ya Juba. Mtu aliyekaa miaka 22 barabarani anajua nyaraka za forodha, mizani, namna ya kufunga mzigo na tabia za kila mlima. Yadi ya magari inamhitaji mtu wa namna hiyo kusimamia upakiaji na kuwafundisha madereva wapya, na mpakani Malaba mawakala wa forodha nao hawakosi kazi kwa mjuzi wa namna yako. Wakikukatalia kabisa, na daktari akisisitiza uache, basi acha, maana mgongo haungoji miaka 55. Lakini uingie katika mwaka ule wa kusubiri ukiwa na karo ya kitinda mimba imewekwa kando.

Kuhusu mama watoto, sioni kama anapinga kahawa. Yeye ana duka, kila jioni anajua kilichoingia na kilichotoka, na wewe umempelekea mpango usio na tarakimu. Njia ya Juba inapita Mbale, na Budadiri haiko mbali na hapo. Ukipata likizo mchukue mpande pamoja hadi shambani, mtembee mipakani, mhesabu mashimo mangapi yanawezekana kwenye ule mteremko, na daftari la hesabu alishike yeye.