Nani anashika amita?

Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka 11, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini nawasaidia mabinti. Darasani niliwaambia uhandisi ni wao pia. Kisha tunaingia maabara, nagawa makundi ya watu watano, na kazi zinajigawa zenyewe: mvulana anaunganisha nyaya, mwingine anasoma amita, kile kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, binti anaandika majibu kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Kipindi kikiisha, mabinti wanafuta meza. Sikuwapangia hivyo. Lakini sikuwazuia.

Wengi waliiacha fizikia kidato cha tatu, ilipokuwa ya hiari. Mmoja alibaki, na nadharia alikuwa ananipatia vizuri sana. Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, ambako kila mtu anakaa na vifaa vyake peke yake, nilimkuta ameshika waya mkononi, ametulia tu. Baadaye aliniambia, "Madam, mimi sijawahi kuunganisha. Huwa naandika."

Akajaza HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, kwa ajili ya kidato cha tano. Nyumbani walifurahi, wakasema amechagua kinachomfaa mtoto wa kike. HGL ni njia nzuri, wanasheria wetu wengi wamepitia huko. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba yule binti aliikimbia PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, kwa sababu ya kifaa ambacho darasa langu halikumpa nafasi ya kukigusa.

Mwalimu mwenzangu, andika majina na ubandike mlangoni mwa maabara: wiki hii huyu anaunganisha, yule anasoma, yule anaandika, wiki ijayo wanabadilishana. Na kufuta meza nako kuwe kwa zamu. Wiki za mwanzo wavulana watanyakua vifaa wakisema wanasaidia. Simama hapo hapo. Kwangu ilichukua muhula mzima.

Mzazi, fundi umeme akija nyumbani, nani anaitwa kushika tochi?

Wavulana nao wanabanwa. Nilikuwa na kijana aliyetaka unesi. Alikuwa amemuuguza bibi yake miezi mingi. Wenzake wakaanza kumwita "sista", naye akaufuta unesi kwenye machaguo yake. Nilimwita baba yake shuleni. Mzee akasema hiyo ni kazi ya wanawake. Nikamuuliza, alipolazwa baada ya ile ajali ya bodaboda, nani alikuwa anamnyanyua kitandani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa nesi mmoja, kijana mwenye nguvu, mpole.

Wazazi wengi hawajui kwamba matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule na vyuo, hufungua dirisha la kubadilisha mtandaoni machaguo ya vyuo na ya tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo kama HGL na PCM. Na tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, kwa hiyo kaeni na mtoto mzisome zote kabla dirisha halijafungwa. Yule kijana alibadilisha kwa simu ya baba yake, wameketi wote wawili.