Kijana kaanguka juani, tummwagie maji au tusimmwagie?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi fundi ujenzi huku Mbagala. Mwezi wa pili tulikuwa tunamwaga zege, saa saba mchana jua kali, saidia fundi mmoja siku yake ya pili tu kazini akaanza kuropoka, anayumba kama kalewa, mara chini. Tukabishana weee, wengine wanataka tummwagie maji, mzee mmoja akagoma kabisa eti mwili wa moto ukipigwa maji ya baridi unapooza, wengine wanasema malaria imempanda kichwani. Mwisho tukampakia bajaji, na ile foleni! Alilazwa ila anaendelea vizuri. Tulitakiwa tufanyeje?

JIBU: Marahaba, na namshukuru Mungu kijana yupo. Mlitakiwa mmmwagie maji palepale, hata kabla ya kutafuta bajaji. Mtu akiwa kwenye jua na kazi nzito halafu akili ikaanza kumruka, hicho kichukulieni ni kiharusi cha joto (heat stroke, siyo kile cha kupooza), mwili umeshafika digrii 40 au zaidi, na kila dakika mnayobishana ubongo, ini na figo vinaumia. Mbaya zaidi kwenye foleni anazidi kupata moto.

Site maji hayakosekani. Mvuteni kivulini, mvueni mabuti na nguo nzito, mmwagieni mwili mzima bila kuacha huku wengine wanampepea na maboksi, na kama kuna tanki la kumtosha mkalisheni humo maji yafike shingoni, mtu amshike kichwa asizame. Barafu ikipatikana funga kwenye kitambaa weka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mmoja wenu atafute usafiri wakati huohuo, na njiani muendelee kumlowesha. Mzee wetu mwambieni kwa heshima tu, hayo maji hayampoozeshi mtu, yanamuokoa.

Akiwa amechanganyikiwa msimpe kitu mdomoni, maji wala soda, vitaingia kwenye mapafu. Panadol nayo haisaidii kwenye joto la aina hii. Na jamani msisubiri mpaka ngozi iwe kavu, mtu wa kazi ngumu anaweza kuwa amelowa jasho chapachapa na hali ni mbaya hivyohivyo, nyie muulizeni jina lake, yuko wapi, leo siku gani, akishindwa kujibu anzeni kumwaga maji. Malaria watampima hospitali, ni kweli nayo inaweza kumchanganya mtu, ila kupoza kunaanza kwanza.

Kama akili iko sawa ila ana kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kinauma, misuli inakaza, hapo bado hajafika kubaya. Kivuli, alale miguu juu, anywe ORS kidogokidogo, au maji safi lita 1 na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nusu saa ikipita hana nafuu, au anatapika, hospitali. Mkojo ukitoka rangi ya kola hospitali siku hiyohiyo, misuli imeharibika na figo ziko hatarini.

Kilichoniuma ni hiyo siku ya pili. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto, na Dar hewa ina unyevu mwingi jasho halikauki, kwa hiyo mgeni kumpa karai la zege saa saba ni hatari kabisa. Zege anzeni alfajiri, na huyo kijana asirudi juani mpaka daktari wake amruhusu, akirudi aanze na kazi nyepesi asubuhi.