Maswali ya wasomaji: Ruta ya CNC isiyopiga skwea

Barua za toleo hili zimetoka Kusini, Mtwara na Lindi, na karibu zote zinahusu mashine ya aina moja: ruta ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, yenye daraja linalobeba spindo (mota inayozungusha biti), na daraja hilo linasukumwa na mota mbili, moja kila upande wa meza. Katika majibu, X ni safari ya spindo juu ya daraja, na Y ni safari ya daraja lenyewe, mbele na nyuma. Kupeleka homu ni kuiacha mashine itembee yenyewe hadi iguse swichi, ipate sifuri yake.

Ruta yangu ina swichi mbili za homu upande wa Y na zote zinashika vizuri. Lakini paneli za milango ya mninga zikitoka, kona hazikai skwea. Nimekuwa nikisogeza swichi moja kwa kubahatisha. Leo afadhali, kesho mbaya zaidi. (Fundi samani, Chikongola, Mtwara)

Skwea ya chuma iweke pembeni kwanza, fundi. Skwea ya sm 30 itakuonyesha mwanga chini ya milimita moja, na mwanga huo huwezi kuupima. Fanya wanavyofanya mafundi ujenzi kabla ya kuchimba msingi: piga 3-4-5, pembetatu ambayo pande zake zikiwa na uwiano huo kona huwa skwea.

Funga kipande cha MDF mezani, weka biti ya V, kisha toboa vitone vinne vya kina cha mm 1: X0 Y0, X600 Y0, X0 Y800 na X600 Y800. Kila kitone kifikie ukitokea upande uleule, tuseme kushoto na mbele, ili mchezo wa nati au wa meno usiingie kwenye vipimo. Usizime mashine katikati. Pima diagonali zote mbili, na tepu usiianzie kwenye ndoano maana ndoano inacheza. Anzia alama ya sm 10, kisha toa mm 100. Kila diagonali inatakiwa kusoma mm 1000. Zikilingana lakini zikasoma 1003, skwea ipo, kilichokosewa ni hatua za mota kwa milimita (mipangilio ya $100 na $101 kwenye GRBL, programu inayoendesha bodi ya mashine).

Zikitofautiana, chukua tofauti kwa milimita, zidisha kwa umbali kati ya mota mbili za Y kwa mita, kisha kwa 1.04. Mfano: diagonali moja 1001.2, nyingine 998.8, tofauti mm 2.4. Mota ziko umbali wa mita 1.2. Jibu ni mm 3, ndicho kiasi ambacho upande mmoja wa daraja umeutangulia mwingine. Hiyo 1.04 ni ya mstatili wa 600 kwa 800 tu. Ukitumia vipimo vingine, hesabu hii haikufai.

Upande gani umetangulia? Simama mbele ya mashine uangalie diagonali ndefu. Ikiwa inatoka mbele kushoto kwenda nyuma kulia, wa kulia umetangulia. Ikiwa inatoka mbele kulia kwenda nyuma kushoto, ni wa kushoto. Pale swichi ya upande uliotangulia inaposhikia, pasogeze mm 3 kuja kwako ulikosimama. Haijalishi homu yako iko mbele au nyuma ya meza, maana daraja husimama pale swichi inaposema.

Badala ya kulegeza swichi yenyewe, funga bolti ya M6 yenye nati ya kufungia, iwe ndiyo inayoigusa swichi. Meno ya M6 ya kawaida yana hatua ya mm 1, kwa hiyo mizunguko mitatu ni mm 3 na robo mzunguko ni mm 0.25. Hapo kubahatisha kunakwisha.

Sasa hiyo "leo afadhali, kesho mbaya". Swichi haitengenezi skwea, inaikumbuka tu. Daraja likiwa limekazwa bolti zake huku limekaa mshazari, mota hulinyoosha kwa nguvu wakati wa homu, na likipata nafasi linajirudi kama chemchemi. Jaribu hivi: peleka mashine homu, pima kwa kalipa kutoka kwenye behewa la kila upande (sahani inayobeba daraja kwenye reli) hadi mwisho wa fremu, zima umeme, pima tena. Upande mmoja ukiwa umeruka zaidi ya nusu milimita, usiguse swichi kabla ya kushughulikia bolti.

Legeza bolti zinazoshika daraja kwenye mabehewa, zibaki zimeshika bila kukazwa. Weka $1=255 ili mota zisilegee mashine ikitulia. Peleka homu, toboa vitone, rekebisha bolti ya M6, rudia mpaka diagonali zikubali. Kisha peleka homu mara ya mwisho na, mota zikiwa bado zimeshika, kaza bolti za daraja kwa msalaba, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu. Bolti ikikataa kukaa bila kuvuta sahani pembeni, jaza mwanya kwa kibati cha kopo la soda, ambacho ni karibu mm 0.1. Kuulazimisha mwanya kwa spana kunarudisha chemchemi uliyoiondoa.

Tofauti ya diagonali ikishuka chini ya nusu milimita, acha hapo. Kwenye upana wa mm 600 ni kama mm 0.3, na mbao yenyewe ikipata msimu wa mvua inatembea zaidi ya hapo.

Jambo moja linawachanganya wengi: skwea ni nzuri karibu na homu, mbovu mwisho wa meza. Hilo swichi haihusiki nalo. Upande mmoja hausafiri sawa na mwingine. Angalia skrubu ndogo ya kubania kwenye kiungo cha mota (chora mstari wa rangi kutoka shafti hadi kwenye kiungo, ukivunjika, kinateleza), mvutano wa mikanda, au pinioni mbili (gia ndogo za mota) zisizo na idadi sawa ya meno. Hiyo ya mwisho hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, hasa pinioni moja ikiwa imebadilishwa.

Nina bodi ya Arduino Uno yenye GRBL, mashine ya meno na pinioni, na swichi moja tu ya Y. Je, nikiunganisha ya pili kwenye waya uleule, itajipiga skwea yenyewe? (Masasi)

Hapana. Bodi itajua kwamba swichi mojawapo imeguswa bila kujua ni ipi, nayo itasimamisha mota zote mbili pamoja. Ili daraja lijinyooshe, kila mota ya Y inahitaji draiva (kifaa kinachoipa mota umeme) inayoamrishwa peke yake na swichi yake yenyewe.

GRBL 1.1h inaweza kazi hiyo ukiwasha ENABLE_DUAL_AXIS kwenye faili lake la config.h na kuipakia upya kwenye bodi, ila pini za Uno zinabana sana. Kama unanunua bodi leo, chukua ya ESP32 uweke programu ya FluidNC. Humo mhimili wa Y una motor0 na motor1, kila moja na limit_neg_pin yake (pini ya swichi) na pulloff_mm yake (umbali wa kurudi nyuma baada ya kugusa swichi), hivyo hata zile mm 3 unaweza kuziandika badala ya kuzungusha bolti. Swichi zikiwa mbele ya meza, punguza pulloff_mm ya upande uliotangulia. Zikiwa nyuma, iongeze.

Njia isiyo na gharama: funga vizuizi viwili vya chuma mwisho wa reli, kila kimoja na bolti ya M6. Mashine ikiwa imezimwa, sukuma daraja likae kwenye vyote viwili, shikilia, washa umeme, ndipo upeleke homu kwa swichi moja. Ila ujue kasoro yake. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko ikiwashwa hurukia mahali pake pa karibu, na mahali hapo hujirudia kila hatua 4 kamili, yaani nyuzi 7.2. Kwenye skrubu ya gololi ya 1605, inayosogea mm 5 kwa mzunguko, hiyo ni mm 0.1, huioni. Kwenye pinioni ya meno 20 ya moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) 1.25 iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota ni mm 1.57, kwa hiyo upande mmoja unaweza kuruka hadi karibu mm 0.8. Ukiweka kipunguza mwendo cha 1:5, mruko huo unashuka mara tano.

Mara nyingine napata ALARM:8, mara nyingine ALARM:10. Na jana mota ya kulia iliendelea kusukuma huku swichi ya kulia imeshabonyezwa, daraja likajikunja. (Mikindani)

Anza na hilo la jana, ndilo la hatari. Swichi zako zimebadilishana: ya kulia inaisimamisha mota ya kushoto. Usipeleke homu ya kawaida tena mpaka uzijaribu swichi kwa mkono, hivi.

Weka daraja katikati ya meza. Shusha $25 (kasi ya kutafuta swichi, mm kwa dakika) hadi 200, ambayo ni kama mm 3.3 kwa sekunde, na $24 (kasi ya kuigusa tena) hadi 50. Mkono mmoja uwe kwenye kitufe cha dharura. Toa amri ya $H, ya kupeleka homu; Z (safari ya spindo juu na chini) itapanda kwanza, iache imalize, daraja likianza kutembea bonyeza swichi ya kushoto kwa kidole. Mota ya kushoto lazima isimame na ya kulia iendelee. Bonyeza ya kulia kabla ya sekunde tatu kupita. Ikisimama isiyostahili, zima umeme na ubadilishane waya za swichi. Na daraja likijikunja tangu mwanzo, kabla ya swichi yoyote kuguswa, basi mota moja inazunguka kinyume: geuza waya mbili za koili moja tu. Waya wa mota usiuchomoe kamwe draiva ikiwa na umeme, inaungua.

ALARM:10 maana yake swichi moja imeshika na ya pili haikupatikana ndani ya umbali ulioruhusiwa, ambao kwenye GRBL hauzidi mm 25. Daraja limepinda kupita kiasi, au swichi ya pili imekufa. ALARM:8 ni kwamba baada ya kugusa, mashine ilirudi nyuma lakini swichi ikabaki imebonyezwa. $27, umbali huo wa kurudi nyuma, huanza na mm 1, ambayo kwa daraja la mota mbili ni kidogo mno. Weka 4.

Kengele zikija pale tu spindo inapowaka, sababu ni kelele ya umeme ya inveta, kifaa kinachoendesha spindo. Tenga waya za swichi na waya wa spindo, tumia waya wenye wavu na uufunge wavu huo kwenye ardhi upande mmoja tu, kisha weka kapasita ya 0.1 µF kati ya pini ya swichi na hasi, pale kwenye bodi.

Hewa ya bahari inakula swichi zangu ndogo. Nimenunua sensa za LJ12A3-4-Z/BX, zinazohisi chuma bila kuguswa. Nazifungaje kwenye bodi ya volti 5? (Kilwa Masoko)

Umechagua aina nzuri: sensa ya chuma haisumbuliwi na vumbi la mbao wala chumvi. Ila BX huwa wazi ikitulia, na waya ukikatika mashine haitajua. Ukiweza kubadilisha, chukua inayoishia na AX, ambayo hufungika ikitulia. Waya ukikatika, mashine inagoma mara moja.

Usiilishe pini ya bodi moja kwa moja. Sensa inahitaji kati ya volti 6 na 36, na nyingi zina rizista ndani inayopandisha waya mweusi hadi volti hizohizo. Pitisha kwenye PC817, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana: chanya ya volti 24, rizista ya 2.2 kΩ ya nusu wati, kisha taa ya ndani ya PC817, halafu waya mweusi. Ukitumia volti 12, rizista iwe 1 kΩ. Waya wa kahawia ni chanya, wa bluu ni hasi.

Shabaha iwe chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Umbali wa mm 4 ulioandikwa ni wa chuma hicho. Aluminiamu huonekana kwa karibu zaidi. Acha mwanya wa mm 2, na shabaha ipite ubavuni mwa uso wa sensa, isije ikiukabili. Siku homu ikikosea, itapita bila kuvunja kitu.

LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine kwa kompyuta, inaweza kazi hii? (Ruangwa)

Inaweza, na vizuri. Joint zote mbili za Y (ndivyo inavyoziita mota) zipe HOME_SEQUENCE ileile yenye alama ya kutoa, mfano -1, ili mwendo wa mwisho zitembee pamoja. Marekebisho ya skwea yaandike kwenye HOME_OFFSET ya joint moja, HOME ya zote ibaki sawa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, naweza kuendelea nilipoishia? (Nachingwea)

Unaweza, kama sifuri ya kazi uliiweka kwa amri ya G10 L20 P1, kwa sababu huiandika kwenye G54, ambayo hubaki kwenye kumbukumbu ya bodi. Uliyoiweka kwa amri ya G92 imepotea. Umeme ukirudi, kabla ya kuwasha mashine, inua Z kwa mkono hadi biti itoke kwenye mbao, la sivyo mota zikishtuka zitaivunja. Peleka homu, rudi kwenye G54 X0 Y0, hakikisha biti inaangukia kwenye alama yako ya kwanza, kisha anza mistari michache nyuma ya pale ilipokatika. Isipoangukia kwenye alama, usiendelee na ubao huo. Rudi kwenye vitone vinne.