Simu inayojirekebisha kwa mzee mwenye macho hafifu: niliyoyaona kwa mama

Mkuu, umeuliza kama ipo simu ya kumpa mzee asiyeona vizuri, ijirekebishe yenyewe bila yeye kugusa mipangilio. Nusunusu. Mwanzoni lazima mtu akae nayo, ndipo itii.

Mama yangu yuko Tanga, ana mtoto wa jicho. Meseji ya pesa ikiingia alikuwa anaipeleka simu mbali mpaka mkono unaishia, kisha anamwita mjukuu asome. Nikaingia mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility, ya kuwarahisishia wenye shida ya kuona na kadhalika), nikakuza maandishi mpaka mwisho. Kuanzia Android 14 yanafika asilimia 200, na hapo wametumia akili: herufi ndogo zinakuzwa sana, vichwa vya habari ambavyo tayari ni vikubwa vinaongezwa kidogo tu, skrini isijae neno moja. Meseji akaanza kusoma mwenyewe, mjukuu akakosa ajira.

Balaa likaja kwenye app moja ya kulipia bili, siitaji. Maandishi yalipokua, kitufe cha kuthibitisha kikasukumwa chini, nje ya skrini, na ukurasa hauteremki. Mama anajaza kila kitu, halafu anabaki kuikodolea macho. Akanipigia: "Mwanangu, hii simu imeikataa hela yangu." Ikabidi nipunguze maandishi hatua mbili simu nzima, kwa ajili ya app moja!

Tovuti nazo ni hivyo hivyo. Kivinjari kinaweza kuiarifu tovuti kwamba mwenye simu anataka mandhari meusi, au hataki vitu vya kurukaruka. Lakini aliyeitengeneza asipoandika maelekezo ya kuipokea taarifa hiyo, inapita hewani. Wengine wanafunga hata kukuza kwa vidole, tena kwa mstari mmoja tu wa msimbo (code), yale maandishi ya kuundia tovuti. Safari, kivinjari cha iPhone, iliacha kuutii mstari huo tangu iOS 10 (toleo la mfumo wa iPhone), mwaka 2016. Kwenye Chrome ya Android, fungua mipangilio ya Chrome yenyewe, nenda ufikivu, washa ile ya kulazimisha kukuza. Usiiruke hiyo.

Vile vya otomatiki kabisa, viwili nimevizima. Mwanga wa skrini ulikuwa unajipunguza chumba kikiwa na giza, wakati ndipo mama anapouhitaji. Na skrini ilikuwa inageuka kila akijilaza ubavu kusoma.

Ya mzee wako ni Android toleo la ngapi?